Fyuzi Mbili kila Jumamosi

Fundi anayeijua kazi yake hatumii miezi mitatu kutafuta kinachokausha betri ya gari, na Athanase Tshimanga kazi yake aliijua. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, maana watu wa Likasi walifikia hatua ya kumcheka, wakisema uzee umemla akili. Akili zake zilikuwa timamu. Kilichopungua nyumbani kwake ni mtu wa kuzungumza naye, na upungufu wa namna hiyo humfanya hata mwanamume mwaminifu aanze kuuficha ukweli kidogo kidogo, kama mtoto anayekomba sukari kwa kidole.

Alizaliwa Shituru, mtaa wa Likasi, katika nyumba za kampani ya shaba, baba yake akiwa mtu wa tanuru. Yeye moshi hakuutaka. Alijifunza umeme wa magari katika gereji ya kampani, chini ya bwana mmoja mkali aliyeitwa Floribert, ambaye aliamini kwamba fundi ni sikio kwanza na mkono baadaye. Mwanafunzi aliyegusa kabla ya kusikiliza alipigwa spana vidoleni. Kwa miaka ishirini na miwili Athanase aliyatunza magari ya wakurugenzi. Kampani ilipopunguza watu, alitoka na sanduku la zana na barua ya shukrani, na tangu hapo akafanyia kazi uani kwake, akiwafufulia wenye taksi-basi starta zao.

Mkewe, Clotilde, alifariki miaka minne iliyopita, katika miezi ya baridi. Mtoto wao mmoja, Yannick, yuko Kolwezi kwenye migodi, na kila Jumapili humtumia baba yake ujumbe wa sauti unaoanza, "Papa, niko mu mbio." Mbio hizo hazijawahi kwisha. Athanase hujipikia bukari, ugali wa kwetu, katika sufuria ileile ya Clotilde, ya watu sita, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kupima unga wa mtu mmoja, unaobaki huwamwagia bata wa jirani. Bata hao wamenona kuliko yeye. Aliona haya kusema kwamba ni mpweke, lakini alikuwa mpweke sana, hasa Jumamosi alasiri. Wazee wa kampani mpaka leo huiita siku ya posho, kwa kuwa ndiyo siku unga na samaki vilikuwa vikigawanywa, na nyumba zote zilijaa kelele. Nyumba yake sasa Jumamosi ilikuwa kimya kuliko siku nyingine zote.

Ndipo Mama Alphonsine alipomtumia salamu kwamba gari limekataa kuwaka.

Mama Alphonsine alikuwa mjane wa Injinia Germain. Siku za kampani Athanase alimwita Madame na kumfungulia mlango. Sasa wote wawili wameota mvi, Athanase humwita Mama Danielle kwa jina la bintiye, naye huitwa Baba Yannick. Mama huyu aliishi upande wa mjini, peke yake katika nyumba ya vyumba sita. Gari lilikuwa la mumewe: jeusi, refu, la Kijerumani, lenye viti vya ngozi vya kukalia maaskofu. Watoto wa mtaa waliliita Ministre, yaani waziri. Injinia kabla ya kufa alimwachia mkewe agizo moja, kwamba kila Jumapili baada ya misa aliwashe, lisikae bure. Mama alitii kwa miaka miwili. Kisha Jumapili moja akazungusha ufunguo, gari likatoa mlio mmoja tu, tak, basi.

Gari la kifahari likizeeka ni kama mkubwa aliyefilisika: tabia za utajiri zimebaki, utajiri wenyewe haupo. Ministre alikuwa na magonjwa yote ya umri wake. Nyuma lilikuwa limekaa chini, kwa sababu mipira ya chuma inayoliinua gari kwa mafuta na gesi ilikuwa imeishiwa gesi. Kioo cha dereva kilishuka na kukataa kupanda, kwa kuwa kamba yake ndani ya mlango ilikuwa imekatika. Injini ilipata joto kwa sababu feni ilizunguka kwa uvivu. Mafundi wengi wa Likasi wana dawa moja kwa haya yote, nayo inaitwa direct: kifaa kikisumbua unakiruka, unavuta waya wako kutoka kwenye betri, na feni inazunguka mpaka mwisho wa dunia. Athanase aliichukia direct kama dhambi. Alitafuta vipuri katika magari yaliyokufa Lubumbashi, akatengeneza kimoja kimoja, na ndani ya wiki chache Ministre alisimama sawa na kioo kikapanda.

Ikabaki betri. Iliyojaa jioni, asubuhi ilikuwa imekauka, hata ikiwa mpya. Kitu fulani ndani ya gari kilikuwa kinaunywa umeme wakati kila kitu kimezimwa.

Kwa ugonjwa huo kuna njia moja ya haki. Unatoa waya wa betri, unaweka mita katikati, unafunga milango na kungoja gari lilale. Magari haya yana visanduku vya umeme vinavyokesha. Ukilifunga gari, linaendelea kuwaza kwa dakika arobaini hivi kabla ya kutulia. Likishatulia unasoma mita. Ikionyesha umeme bado unapita, unatoa fyuzi moja na kutazama. Mita ikishuka, mwizi yuko upande huo. Isiposhuka, unakwenda kwenye fyuzi inayofuata. Ministre alikuwa na fyuzi ishirini na nne.

Jumamosi ya kwanza Athanase alifunga milango saa tisa, akamwambia mwenye gari, "Mama Danielle, sasa tuiache ilale."

"Motokari inalala?"

"Inalala sawa muntu. Ukiiongeleshaka, haisikie usingizi."

Mama alicheka, akaleta viti viwili vya bustani, chai ya mchaichai na karanga, wakakaa chini ya paa la bati la kuegeshea gari kuingoja. Katika dakika zile arobaini alimwambia habari za mchwa waliokula kabati la mumewe, na za maji ya bomba yanayokuja wakati watu wako kanisani. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Na weye, Baba Yannick, unalalaka muzuri?"

Athanase alikaa na karanga mkononi. Tangu Clotilde azikwe hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Watu walimwuliza starta itapona lini. Alijibu kwamba hulala kidogo, na akashangaa kuona machozi yamemfikia karibu, akainuka kwenda kuitazama mita.

Siku hiyo alitoa fyuzi mbili. Fyuzi ikitolewa na kurudishwa, gari huamka, na lazima lilale tena. Hilo ni kweli kabisa. Ila fundi mwenye haraka angezitoa zote moja baada ya nyingine bila kurudisha yoyote, akamaliza kabla chai haijapoa. Athanase alirudisha kila moja mahali pake kwa heshima zote, na jua lilipoinama akasema, "Inabaki makumi mbili na ine. Hapana, makumi mbili na mbili." Alikuwa ameshindwa hata kuhesabu kwa furaha.

Jumamosi ya pili, fyuzi mbili. Ya tatu, mbili.

Jumamosi ya nne alivuta fyuzi ya nane, na hakuhitaji mita kumweleza. Likasi ni mji wa shaba. Hapa fyuzi ikikatika mtu haendi dukani. Anainama, anaokota uzi wa waya, anauzungushia miguu ya fyuzi iliyokufa na kuirudisha. Wanafanya hivyo wenye taksi-basi, wanafanya mapadre, na kumbe wanafanya hata mainjinia, maana uzi wa fyuzi hii ulikuwa umezungushwa kwa unadhifu wa mtu aliyesoma. Kazi ya fyuzi ni kufa kwanza ili vingine viokoke, na uzi wa shaba haufi. Athanase aliangalia mita: kutoka ampea mbili na nusu ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Akaenda nyuma, akafungua buti, akaweka kiganja sakafuni upande wa kulia. Chini ya zulia palikuwa na joto. Hapo ndipo ilipo pampu ndogo inayofunga na kufungua milango. Maji ya mvua za msimu uliopita yalikuwa yamepenyeza kupitia mpira mkavu wa kioo cha nyuma, pampu ikakwama nusu, na tangu hapo ikawa inavuta umeme mchana na usiku bila fyuzi ya kuikataza.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Ungeifungua pampu, ungeikausha, ungeisafisha, ungeweka fyuzi ya kweli, ungebadilisha mpira, basi.

"Iko namna gani?" Mama Alphonsine akauliza kutoka kitini kwake. Alikuwa anammiminia chai ya pili.

Athanase aliutazama uzi wa shaba, akamtazama yeye na birika lake. Akaurudisha uzi mahali pake.

"Tutaendelea," akasema.

Hakuwa na raha na neno hilo. Usiku alijitetea kwamba betri haidhuriki sana, kwamba mama mwenyewe hana safari, kwamba malipo hajawahi kuchukua. Yote yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi: mwanamume mjane hawezi kuingia kila wiki katika ua wa mwanamke mjane bila sababu. Ng'ambo ya ua aliishi Mama Hadassa, mtu wa sala nyingi na macho mazuri, ambaye kila Jumamosi alimsalimu juu ya uzio wa majani, "Baba, ile motokari ingali mugonjwa?" Mfuko wa zana ndio uliokuwa ruhusa yake. Gari likipona, ruhusa imekwisha, na Jumamosi zinarudi kuwa bata na sufuria. Kitu hicho kimoja tu ndicho alichokuwa akikilinda, na alikilinda kama mlinzi wa benki.

Kulikuwa na hatari nyingine, nayo ilipiga simu kila Jumamosi saa kumi. Danielle, binti wa Mama Alphonsine, ameolewa Lubumbashi. Mama huweka simu yake kwa sauti kubwa kwa kuwa sikio la kulia limepungua, na hivyo Athanase alisikia kila kitu.

"Mama, kuya huku," Danielle alisema. "Unaikala peke mu vyumba sita, juu ya nini?" akadai sababu.

"Tutaona, mwana," mama alijibu.

Athanase alilipenda sana neno tutaona. Kwetu ni njia ya adabu ya kusema hapana, na kila alipolisikia alitoa pumzi na kwenda kufunga milango ya gari ili lilale.

Zikapita Jumamosi ya tano, ya sita, ya saba. Alianza kunyoa ndevu asubuhi za Jumamosi. Alinunua shati. Mafundi wenzake wa barabara ya Shituru wakamtania, "Mzee, Ministre bado amekushinda?" naye akajibu kwamba Mjerumani ni mtu wa siri. Wakasema akili zake zimeanza kuota kutu. Alilimeza hilo bila shida, yeye ambaye zamani angemfukuza kwa nyundo mtu anayetilia shaka ufundi wake.

Jumamosi ya tisa mvua ya kwanza ya mwaka ilipiga mji. Taksi hazikuonekana. Athanase aliufunika mfuko kwa plastiki, akatembea kutoka Shituru, akafika suruali imemganda magotini. Mama Alphonsine alifungua mlango akabaki akimtazama.

"Na hii mvua yote, Baba Yannick? Juu ya motokari?"

Hapo ndipo alipopewa nafasi, na kama kuna mahali pa kumlaumu mzee huyu, basi ni hapo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, na aliuliza kweli, akingoja jibu. Lakini Mama Hadassa alikuwa dirishani kwake, na ulimi wa Athanase haukuwahi kufundishwa njia nyingine.

"Maji inaweza kuingia mu fizibu," akasema, kana kwamba fyuzi ndizo zilizomleta.

Mama akampa taulo, akaenda kusimama mbele ya gari, akalitazama kwa muda mrefu. Siku hiyo alizungumza kidogo.

Ya kumi na moja ilikuwa mbaya zaidi, ingawa yeye alirudi nyumbani akiimba. Mama alimwuliza kama alipenda magari tangu utoto. Athanase, akidhani anamfurahisha, alimweleza kwa saa nzima: namna injini ya Kijerumani inavyopumua, kwa nini ngozi ya viti inapakwa mafuta, namna mlango wa gari zuri unavyojifunga kwa sauti ya chini. Alimsifu Ministre mpaka povu likamtoka. Mama alikunja mikono, akaitika, "Kweli," na "Ah bon," na mwisho hakuitika tena. Saa kumi simu ya Danielle ilipolia, aliichukua akaenda kuisikiliza ndani.

Ilibaki Jumamosi moja na fyuzi mbili. Wiki nzima Athanase alitafuta uongo mwingine. Aliupata: angesema kuna kisanduku kingine cha fyuzi nyuma ya kiti, na kweli kipo, na kingempa Jumamosi nne zaidi. Aliufanyia mazoezi njiani, akipita kando ya reli na mfuko begani, na alipofika getini alikuwa ameuweza vizuri.

Mapazia hayakuwepo. Kwenye baraza yalikuwa masanduku mawili ya chuma na jiko lililofungwa kwa kamba.

"Ikala kwanza, Baba Yannick," Mama Alphonsine alisema. Viti vilikuwa mahali pake. "Niliitika kwenda Lubumbashi. Mardi Danielle eko anakuya kunibeba na camionnette. Nyumba, bantu ingine balishailipia, bataingia mwezi kwisha."

Athanase alisikia maneno yote, moja moja: Jumanne, gari dogo la mizigo, nyumba imeshalipiwa. Kisha mdomo wake ukatoa neno ambalo miezi mitatu ilikuwa imeuzoesha.

"Na motokari?"

Mama alitabasamu, bila hasira. "Nilijua utauliza ile." Akachukua bahasha iliyokuwa mapajani mwake na kumpa. Ndani kulikuwa na kadi ya waridi, hati ya umiliki wa gari, na barua aliyoiandika kwa mkono. "Ni yako. Kwa Danielle hakuna nafasi yake, na kuiuzisha sitaki. Nimeona namna unaipenda. Hata bwana yangu hakuipenda vile."

Athanase aliishika bahasha kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

"Nilikuwa nahesabia," mama akaendelea, akiutazama ua. "Bantu benye banakuyaka hapa. Ba mama ya kanisa, banakuyaka kama kuko kilio. Hadassa, anakuyaka kuomba chumvi. Mwenye anakuya kuniona miye, Alphonsine, hakuna. Weye tu njo ulikuwa unakuya kila siku ya posho, hata na mvua, na weye ulikuwa unakuya juu ya motokari. Haiko mubaya. Lakini muntu hawezi kuikala mu nyumba juu ya motokari. Njo maana niliitika."

Uongo wa kisanduku cha nyuma ulikuwa bado uko tayari mdomoni mwake, na haukuwa na kazi tena. Alijisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake, na chini ya ujinga huo kulikuwa na maumivu safi, ya kumkosa mtu ambaye bado amekaa mbele yako.

"Mama Danielle," akasema, "ile ugonjwa ya motokari niliiona."

"Leo?"

"Siku ya posho ya ine."

Mama akamgeukia. "Ya ine. Na leo ni ya ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alihesabu kwa vidole juu ya kitenge chake, polepole, bila kuficha. "Siku ya posho munane," akasema. "Zote zile, ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikuwa natafuta kintu. Nilikuwa nakuya kuikala." Akaona haitoshi. "Na weye. Kuikala na weye, kunywa chai. Siku ingine sinaka muntu wa kuongea naye."

Ng'ambo ya ua Mama Hadassa alikuwa akianika nguo, na ikiwa alisikia, basi alisikia. Uso wa Mama Alphonsine haukukasirika, ila ulianza kuzeeka palepale.

"Ungesema," akasema.

"Ningesema namna gani? Bantu bangeongea."

"Bantu banaongeaka hata juu ya bantu balishakufa. Ungesema tu vile umesema leo." Akafuta meza isiyokuwa na kitu kwa upande wa mkono. "Danielle nilimuitikia ile ya kumi na moja. Ile siku ulinisifia viti."

Kisha akageuka kulitazama gari.

"Ile ugonjwa," mama akauliza, "kuitengeneza inaomba saa ngapi?"

"Nusu saa."

"Basi, itengeneze. Nataka kuisikia mbele ya kwenda."

Aliitengeneza. Safari hii hapakuwa na kungoja gari lilale. Alifungua zulia la buti, akatoa pampu, akamwaga maji yenye kutu, akakausha, akasugua, akapaka mafuta. Akautoa uzi wa shaba na kuweka fyuzi ya kweli, ambayo alikuwa ametembea nayo mfukoni wiki nane. Mpira wa kioo alikuwa nao pia. Mikono yake ilifanya kazi kwa haraka na bila kosa, kwa namna ambayo mafundi wenzake wangenyamaza kuitazama, na Mama Alphonsine aliitazama yote kutoka kitini, akiona kwa macho yake jinsi kazi ile ilivyokuwa ndogo.

Kisha Athanase akarudisha waya wa betri, aliokuwa akiuchomoa kila alipoondoka, akazungusha ufunguo. Injini ilishika mara moja, ikatulia, sauti ya chini, sawasawa. Mama alikuja akaweka kiganja juu ya paa la gari, akasimama hivyo. Alikuwa analia kidogo, na hakusema analilia nini, kama ni Injinia, au nyumba, au wiki nane.

"Iko muzuri," akasema. "Enda nayo, mbele ya mvua kurudia."

Basi Athanase Tshimanga akateremka kwenda Shituru katika gari refu jeusi, na mji wote ukamwona. Wauza mafuta ya dumu walisimama. Mafundi wa barabarani walipiga makofi juu ya mabati, wakapaza sauti kwamba mzee amemshinda Mjerumani, na sasa amepewa na gari lenyewe. Yannick alipopata picha kutoka kwa mtu fulani, alituma ujumbe ambao haukuanza na mbio: alisema baba yake ni mtu wa bahati. Athanase aliusikiliza mara mbili. Jumanne hakwenda mjini. Aliambiwa kwamba camionnette ilipita saa nne asubuhi, na kwamba mama alikaa mbele, kando ya Ruffin, mume wa Danielle, na mkoba magotini.

Jumamosi, saa tisa, hakuwa na kazi. Alifungua boneti, akapima betri: imejaa. Akaweka kiganja sakafuni mwa buti: baridi. Nyuma ya gari ilisimama juu, kioo kilipanda na kushuka, hakuna tone lililoingia. Alitafuta kasoro yoyote, hata ndogo, na Ministre hakumpa. Saa kumi akafuta mikono, akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake na kupiga simu Lubumbashi.

Ililia muda mrefu. Kisha Mama Alphonsine akaitika, na nyuma yake zilisikika sauti za wajukuu wakigombania kitu.

"Baba Yannick. Motokari iko na nini?"

"Iko muzima. Haina kintu." Akameza mate. "Sikukupigia juu ya motokari."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kelele za watoto zikapungua. Alisikia pumzi yake.

"Basi sema," mama akasema. "Niko nasikia."

Na Athanase, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa na neno lisilopitia kwenye lile gari, alibaki na simu sikioni, akitafuta mahali pa kuanzia.